Miji ya Mto na Miji ya Maji ya Dawa

Mtu akitaka kujua kwa nini mji ulijengwa mahali fulani na si pengine, na aulize kwanza habari ya maji yake. Penye maji watu hutua mizigo. Wakitua mizigo hujenga. Wakijenga hufuatwa na mfanyabiashara, na mfanyabiashara hufuatwa na mtoza ushuru, askari na mfalme. Ndivyo ilivyokuwa katika nchi ya Ujerumani, ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Nchi hiyo ina maji ya namna mbili yaliyojenga miji yenye sifa. Ya kwanza ni maji ya mto, yachukuayo vyombo na bidhaa. Ya pili ni maji ya moto yabubujikayo kutoka chini ya ardhi, ambayo tangu kale watu waliyasadiki kuwa ni dawa ya maumivu ya viungo na ya kifua.

Katika insha hii nataka msomaji afuatane nami kwa fikira, tuteremke pamoja na mto Rhine, tukipita mji baada ya mji. Tutaona majengo mazuri, na si vibaya kuyasifu. Lakini mgeni mwenye busara hatosheki na kutazama kuta. Huuliza pia ni nani walioketi ndani yake, na waliamua nini. Yuko mtu mmoja ambaye tutamkuta mara kwa mara njiani, naye ni Wilhelm wa Kwanza, Mfalme wa Prussia. Kabla ya safari yetu kwisha tutaona kwamba matembezi yake ya asubuhi katika mji mdogo wa maji ya dawa yalikuwa na uhusiano na maisha ya babu zetu katika Afrika ya Mashariki.

Mto Rhine huzaliwa katika milima ya Alps, nchi ya Uswisi, nao husafiri kiasi cha kilomita 1,230 mpaka kuingia Bahari ya Kaskazini katika nchi ya Uholanzi. Yapata miaka 2,000 iliyopita mto huu ulikuwa mpaka wa dola ya Warumi. Ng'ambo ya magharibi walikaa askari wa Kaisari. Ng'ambo ya mashariki walikaa makabila ya Kijerumani ambayo Warumi hawakuweza kuyatawala yote. Warumi walikuwa watu waliopenda mno kuoga. Kila walipogundua chemchemi ya moto walijenga hamamu, na askari aliyejeruhiwa alipelekwa huko apate nafuu. Kwa hiyo miji mingi tutakayoiona ilianza kama kambi ya askari au kama mahali pa kuoga. Hata leo neno Bad, linalotangulia majina ya miji mingi ya Ujerumani, maana yake ni mahali pa kuogea.

Tuanze na Baden-Baden, mji uliomo katika bonde dogo mashariki ya mto, pembeni mwa Msitu Mweusi. Mvua inyeshayo milimani huzama chini sana, ikapata joto la ardhi, ikayeyusha chumvi na madini ya miamba, kisha ikarudi juu kwa kupitia nyufa. Maji hayo hutoka yakiwa na joto lifikalo nyuzi 68. Warumi waliyatumia, na mabaki ya hamamu yao yangali yakionekana chini ya jengo kubwa la kuogea liitwalo Friedrichsbad, lililofunguliwa mwaka 1877.

Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa makutano ya wakubwa wa Ulaya wakati wa kiangazi. Walikuja wafalme, mabalozi, matajiri, waimbaji na waandishi. Asubuhi walikunywa maji kwa amri ya mganga; mchana walitembea chini ya miti; usiku walicheza kamari katika jumba lililopambwa kama kasri. Mwandishi mashuhuri wa Kirusi, Dostoevsky, alipoteza fedha zake katika kamari hapa mwaka 1867, naye hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Waliokuja kutafuta siha walirudi makwao na siha njema na mifuko mitupu.

Hapa ndipo tunapokutana na Mfalme Wilhelm mara ya kwanza. Wakati huo hapakuwa na dola moja ya Ujerumani. Palikuwa na falme na miji mingi, kila mmoja na mtawala wake, na Prussia ndiyo iliyokuwa na nguvu sana upande wa kaskazini. Tarehe 14 Julai 1861 mfalme alikuwa akitembea katika njia yenye miti ya Baden-Baden, mwanafunzi mmoja akampiga risasi. Jeraha lilikuwa dogo. Mwanafunzi huyo alieleza kwamba alimwona mfalme hana uwezo wa kuwaunganisha Wajerumani. Hakujua kwamba miaka 10 baadaye mtu huyo huyo angevikwa ukaizari wa Ujerumani nzima.

Hatuwezi kuuacha mji huu mzuri bila ya kutaja siku yake moja ya aibu. Tarehe 10 Novemba 1938, wakati wa utawala wa Hitler, wanaume wa Kiyahudi wa Baden-Baden walikamatwa, wakatembezwa njiani kwa fedheha mbele ya macho ya watu, wakaingizwa katika sinagogi lao na kudhihakiwa. Kisha sinagogi likachomwa moto, na wengi wao wakapelekwa katika kambi ya mateso ya Dachau. Maji yaliendelea kububujika siku ile kama siku nyingine. Maji ya dawa huweza kuulainisha mwili, lakini hayana uwezo wa kuulainisha moyo.

Tukiteremka na mto tunapita Speyer na Worms, kisha tunafika Mainz. Miji hii mitatu ilikuwa na jumuiya za Kiyahudi zenye elimu kubwa katika zama za kati, ingawa mwaka 1096 Wayahudi wengi wa Worms na Mainz waliuawa na makundi ya watu waliojidai kwamba wanakwenda vitani kwa ajili ya dini. Lakini Mainz ina jambo jingine ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulikumbuka kwa shukrani. Katikati ya karne ya 15, mwana wa mji huu aitwaye Johannes Gutenberg alitengeneza herufi za madini zilizoweza kupangwa, kupangua na kupangwa tena, akazitumia kupiga chapa vitabu. Biblia yake ya Kilatini ilikuwa tayari yapata mwaka 1455. Kabla ya hapo kitabu kilinakiliwa kwa mkono, na maskini hakuweza kukinunua. Baada ya hapo elimu ilianza kutoka katika makasha ya watu wachache na kuingia mikononi mwa wengi. Ng'ambo ya pili ya mto, kuelekea Mainz, uko mji wa Wiesbaden wenye chemchemi za moto ambazo mwandishi wa Kirumi, Plinio, alizitaja katika karne ya kwanza. Kwa hiyo hapa mji wa mto na mji wa maji ya dawa hutazamana kama ndugu wawili.

Baada ya mji wa Bingen mto unabanwa na milima. Kila upande kuna mashamba ya mizabibu yaliyopandwa katika miteremko mikali, na juu yake magofu ya ngome. Watalii huzipenda ngome hizi, lakini zamani mabaharia walizichukia, kwa maana nyingi zilikuwa ni vituo vya ushuru. Karibu na Kaub iko ngome iliyojengwa juu ya mwamba katikati ya maji, nayo kwa mbali hufanana na chombo kilichotia nanga. Ilianza kujengwa katika karne ya 14. Chombo hakikupita mpaka kilipe, na mbele kidogo mtawala mwingine alingoja fungu lake. Bidhaa ilipofika sokoni bei yake ilikuwa imekwisha kupanda mara nyingi, na mwenye kulipa hatimaye alikuwa mnunuzi.

Dawa ya ugonjwa huo ilipatikana kwa mashauri. Mwaka 1815 mkutano wa mataifa uliofanyika Vienna uliamua kwamba mito ipitayo katika nchi nyingi iwe wazi kwa vyombo, na ikaundwa halmashauri ya pamoja kusimamia safari za mto Rhine. Halmashauri hiyo ingali hai leo, nayo ni miongoni mwa vyama vya kimataifa vya zamani kupita vyote duniani. Huu ni ushahidi kwamba mto uliokuwa mpaka na mtego waweza pia kuwa mali ya shirika, watu wakitaka.

Sasa tumefika Koblenz. Warumi waliuita Confluentes, maana yake mahali mito inapokutana, kwani hapa mto Mosel unaungana na Rhine. Penye ncha ya nchi kavu kati ya mito hiyo limesimama sanamu kubwa la Wilhelm wa Kwanza juu ya farasi. Lilisimamishwa mwaka 1897, miaka 9 baada ya kufa kwake. Mwezi Machi 1945 lilipigwa na mzinga wa Kimarekani likaharibika. Kwa miaka mingi msingi ulibaki mtupu, nao tangu 1953 ulikuwa ukumbusho wa umoja wa Wajerumani ambao wakati huo walikuwa wamegawanyika. Mwaka 1993, baada ya umoja kurudi, sanamu jipya la mfano wa lile la kwanza liliwekwa mahali pake, lakini si wote waliofurahi. Walikuwako waliouliza kama ni vema kumtukuza tena mfalme wa vita. Swali lao lilikuwa la haki, na jibu lake tutalitafuta karibu sana na hapa.

Kutoka Koblenz tuuache Rhine kwa muda mfupi, tupande na mto mdogo wa Lahn. Baada ya safari fupi tunafika Bad Ems, mji uliotandazwa katika bonde jembamba, nyumba zake nyeupe zikijiona katika maji. Mwaka 2021 mji huu, pamoja na Baden-Baden, Bad Kissingen na miji mingine 8 ya Ulaya, uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia kwa sababu ya historia yake ya maji ya dawa. Wilhelm alipenda kuja hapa wakati wa kiangazi. Alikunywa maji, akatembea, akasalimiana na watu.

Asubuhi ya tarehe 13 Julai 1870 mfalme alikuwa katika matembezi yake, akakutana na balozi wa Ufaransa, Count Benedetti. Sababu ya kukutana kwao ilikuwa hii. Kiti cha ufalme cha Hispania kilikuwa kitupu, na mwana mmoja wa ukoo wa Wilhelm alitakiwa akikalie. Wafaransa waliogopa kuzungukwa, wakapinga, na yule mwana wa kifalme alikuwa amekwisha kujitoa. Jambo lingaliweza kuishia hapo. Lakini balozi alitumwa amtake mfalme aahidi kwamba hata milele hataruhusu mtu wa ukoo wake kukitaka kiti kile. Mfalme alikataa kwa adabu, kwa kuwa hakuna mtu awezaye kuahidi mambo ya milele. Baadaye siku hiyo alipata habari iliyothibitisha kujitoa kwa jamaa yake, akamjulisha balozi kwamba hana zaidi la kumwambia.

Habari ya mazungumzo hayo ilipelekwa kwa simu ya maandishi mpaka Berlin, kwa waziri wake mkuu, Otto von Bismarck. Bismarck alikuwa mezani pamoja na wakuu wa jeshi. Aliisoma simu, akachukua kalamu, akayapunguza maneno yake. Hakuhitaji kutunga hadithi mpya. Alikata tu yale maneno ya upole, yakabaki yale makavu, kisha akayatoa yachapwe magazetini. Mjerumani aliyesoma aliona mfalme wake amevunjiwa heshima; Mfaransa aliyesoma aliona balozi wake amefukuzwa kama mbwa. Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Tarehe 19 Julai 1870 Ufaransa ilitangaza vita.

Wanahistoria hawasemi kwamba simu ile peke yake ndiyo iliyoleta vita. Kuni zilikuwa zimekauka tangu zamani, na pande zote mbili palikuwa na watu waliotamani moto. Lakini ndiyo iliyokuwa cheche. Askari zaidi ya laki moja walikufa. Ufaransa ilishindwa, ikanyang'anywa Alsace na sehemu ya Lorraine, na tarehe 18 Januari 1871, katika kasri la Versailles, Wilhelm alitangazwa Kaizari wa Ujerumani iliyounganika. Leo katika njia ya matembezi ya Bad Ems liko jiwe dogo lionyeshalo mahali mfalme na balozi walipokutana. Mtu asiyejua habari yake aweza kulipita bila kuligeukia.

Mji huu huu ulishuhudia uamuzi mwingine. Mwaka 1876 Kaizari wa Urusi, Alexander wa Pili, naye alikuwa Bad Ems kwa ajili ya afya yake. Akiwa hapo alitia sahihi amri ya kukataza vitabu vya lugha ya Kiukraine visichapwe katika dola yake, visiingizwe kutoka nje, wala lugha hiyo isitumiwe jukwaani. Amri hiyo iliwaelemea Waukraine kwa karibu miaka 30. Tafakari, msomaji. Mainz, mahali kalamu ya madini ilipofunguliwa kwa ajili ya watu wote, si mbali na mji ambamo mtu mmoja, baada ya kunywa maji yake ya dawa, aliifunga kalamu ya taifa zima.

Na sisi je? Dola iliyozaliwa mwaka 1871 haikukawia kutamani makoloni. Mkutano wa Berlin ulipokwisha mwezi Februari 1885, kesho yake, tarehe 27, Kaizari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters juu ya nchi za Usagara, Ukami, Useguha na Nguru. Sultani Barghash wa Unguja alilalamika, na mwezi Agosti manowari za Kijerumani zikaja kuelekeza mizinga yao kwake. Mwaka huo huo bendera ya Kijerumani ilipandishwa Witu, katika pwani ya Kenya ya leo, ikakaa mpaka mwaka 1890, wakati Wajerumani na Waingereza walipobadilishana nchi kwa mkataba. Mkono ulioshika kikombe cha maji pale Bad Ems ndio uliotia sahihi hati ya kutawala watu ambao mwenye mkono huo hakupata kuwaona maishani mwake.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1905, Kaizari akiwa mjukuu wake, watu wa kusini ya Tanganyika walichoka na kodi na kazi ya kulazimishwa ya mashamba ya pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa maji, akawaambia kwamba risasi haitawadhuru. Wajerumani, ambao kwao walikuwa wakiyaamini maji kuwa ni dawa, waliwacheka watu hawa kwa kuamini maji, kisha wakawapiga kwa bunduki za rasharasha na kuchoma mashamba yao. Watu waliokufa kwa vita na kwa njaa hukadiriwa kuwa makumi ya maelfu mengi, na wako wanaokadiria hata laki tatu.

Turudi sasa kwenye Rhine, tumalize safari yetu Köln. Jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya koloni, kwa sababu mwaka 50 Kaisari Klaudio aliufanya mji huu koloni la Kirumi kwa heshima ya mkewe Agrippina, aliyezaliwa hapa. Warumi walijenga mfereji wa karibu kilomita 95 kuuletea maji safi kutoka vilima vya Eifel. Kanisa lake kuu lilianza kujengwa mwaka 1248, likasimama bila kumalizika kwa karne tatu, kisha likakamilika mwaka 1880, miaka 632 tangu jiwe la msingi. Minara yake ina urefu wa meta 157. Katika sherehe ya kulikamilisha alihudhuria mgeni tunayemfahamu, Kaizari Wilhelm wa Kwanza.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 1942 ndege za Kiingereza zaidi ya 1,000 zilitumwa kuupiga mji huo kwa mabomu, na mashambulio mengine yakafuata. Vita vilipokwisha mwaka 1945 sehemu kubwa ya katikati ya mji ilikuwa kifusi, na madaraja yalikuwa yamelala mtoni. Kanisa lilipigwa mara kadhaa, likabaki limesimama peke yake kati ya magofu. Dola iliyozaliwa kwa vita iliingia katika vita viwili vikubwa zaidi, na mwisho moto ulirudi ukaichoma nyumba ya aliyeuwasha. Na ndani ya nyumba hiyo walikuwamo watoto na wazee ambao hawakuwasha chochote. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi, ziwe nyasi za Rufiji au nyasi za Rhine.

Wajerumani wameijenga upya miji yao, na jambo la kusifiwa ni kwamba wengi wao wamejifunza kuandika aibu zao ukutani pamoja na sifa zao. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, mahali Chifu Songea Mbano alipouawa mwaka 1906, akaomba msamaha kwa mambo waliyotendewa wazee wale. Maneno hayafufui wafu, lakini mtu aombaye msamaha amekwisha kukubali kwamba jambo lilitendeka.

Msomaji kijana, siku moja huenda ukajaliwa kuiona miji hii kwa macho yako. Ukifika Koblenz, litazame sanamu la mfalme juu ya farasi, kwani ni kubwa na halikwepeki. Kisha panda na mto Lahn mpaka Bad Ems, ulitafute lile jiwe dogo katika njia ya matembezi, usimame mbele yake kitambo. Sanamu litakuonyesha jinsi wakubwa walivyotaka kukumbukwa. Jiwe litakukumbusha jinsi maneno machache, yaliyokatwa kwa kalamu na mtu aliyeketi kwa raha, yanavyoweza kuwafikia watu wa mbali wasiokuwa na habari.